Kwa Nini Valvu Irudi Maabara

Mwezi uliopita wenzetu wawili wa mwaka wa nne, uhandisi wa umeme, walirudishiwa pendekezo lao la mradi. Walitaka kutengeneza amplifaya ndogo ya gitaa inayotumia valvu, na ndani yake walitaka kupima jambo moja tu: jinsi mpangilio wa nyaya kwenye valvu ya kwanza, ile inayopokea sauti kutoka kwenye gitaa, unavyobadilisha mvumo unaosikika kwenye spika. Jibu lilikuwa fupi: hiyo ni teknolojia iliyokufa, tafuteni kitu cha kisasa. Nasikia sasa wanashawishiwa wafanye mfumo wa kumwagilia bustani kwa simu, ambao ukifanyika utakuwa wa tano wa aina hiyo darasani kwao.

Mimi si mmoja wao na sikutumwa. Ila nimesoma lile pendekezo, na nadhani waliolirudisha wamekosea. Wamekosea kwenye neno "iliyokufa", na wamekosea zaidi kwenye kuelewa mradi wenyewe ulihusu nini.

Kwa wale wa sheria na elimu ambao wameshaanza kufunua ukurasa unaofuata, subirini kidogo. Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna waya mwembamba, hita, unaopata moto mpaka unawaka rangi ya kaa. Joto hilo linaifanya kathodi, kijibomba kilichouzunguka ule waya, itoe elektroni. Elektroni zinavutwa na anodi, bati lenye volti nyingi chanya. Katikati ya hao wawili kuna gridi, waya uliozungushwa kama chujio. Ukiweka volti kidogo tu kwenye gridi unaongeza au unapunguza elektroni zinazopita, kama mtu anayefungua koki kwa vidole viwili na maji yakajaa bomba zima. Fleming alitengeneza chupa ya namna hii bila gridi huko Uingereza mwaka 1904, De Forest wa Marekani akaingiza kitu cha tatu mwaka 1906, na kwa miaka arobaini hivi redio, simu za masafa marefu na mashine za kwanza za kompyuta zilitembea kwa valvu. Transista ikaja mwaka 1947, na polepole valvu ikaondolewa karibu kila mahali.

Nasema karibu. Aliyewahi kuvunjika mkono akapelekwa eksirei alipigwa picha na valvu. Bomba la eksirei ni kitu kile kile: hewa imetolewa, waya unapashwa moto, kathodi inatoa elektroni, anodi inazipokea. Tofauti ni kwamba volti pale ni makumi ya maelfu, na elektroni zikigonga anodi zinatoa mionzi. Mashine mpya za kidijitali zimeondoa filamu, bomba liko pale pale. Oveni ya maikrowevu ina magnetroni, nayo ni valvu. Hizi ndogo za gitaa zenyewe bado zinatengenezwa viwandani Slovakia, Urusi na China. Machi 2022, vita vya Ukraine vilipoanza na usafirishaji kutoka Urusi ukayumba, wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani walikimbilia madukani kununua za akiba na bei zikapanda. Maiti haipandi bei.

Lakini hoja hiyo ni nyepesi na sitaki kushinda kwayo. Hata kama valvu zote zingekuwa kwenye makumbusho ningeutetea ule mradi, kwa sababu ya waya.

Kwenye madesa yetu waya ni mstari. Hauna urefu, hauna jirani, hauna ukinzani. Ukichora mstari kutoka pointi A kwenda pointi B, umeme uko A na B kwa wakati mmoja, na mstari mwingine ukipita milimita mbili pembeni yake haumhusu. Programu ya kuigiza saketi kwenye kompyuta inaamini hivyo hivyo. Unaweza kusoma miaka minne, ukapata A ya saketi na A ya elektroniki, ukahitimu hujawahi kukutana na waya wenye tabia. Kisha unaajiriwa, unafungua kabati la mitambo, na kila waya mle ndani una tabia.

Valvu ya kwanza kwenye amplifaya ya gitaa ni mahali ambapo tabia hizo zinasikika kwa masikio. Chukua valvu inayotumika zaidi ya zote, ECC83 kwa jina la Ulaya, 12AX7 kwa Wamarekani. Ina miguu tisa. Ukiitazama soketi kwa chini unahesabu kwa mwelekeo wa saa kuanzia kwenye pengo. Ndani ya chupa moja mna triodi mbili: mguu wa 1, 2 na 3 ni anodi, gridi na kathodi ya mmoja, wa 6, 7 na 8 ni za mwenzake. Miguu ya 4, 5 na 9 ni ya hita. Ukitumia volti 6.3 unaunganisha wa 4 na wa 5 pamoja, waya mmoja unaenda hapo na wa pili unaenda wa 9, na valvu inakula miliampea 300. Ukitumia volti 12.6 unaiacha 9 na kulisha 4 na 5, inakula 150.

Hesabu zake ni nzuri mno kwa mwanafunzi, kwa sababu zinafanyika kichwani. Umeme mkuu volti 300. Rezista ya anodi kiloomu 100, ya kathodi kiloomu 1.5. Ukipima kathodi ukakuta volti 1.5, ujue miliampea 1 inapita. Miliampea hiyo hiyo inapoteza volti 100 kwenye rezista ya anodi, kwa hiyo anodi lazima isome 200 hivi. Ikisoma 300, valvu haipitishi kitu: hita haiwaki, au mguu haujashika, au rezista ya kathodi imekatika. Ikisoma 40, inapitisha kupita kiasi, na unaanza kuitazama gridi kwa jicho baya. Vipimo viwili na umeshajua pa kuanzia. Jaribu kufanya hivyo na kijiplastiki cheusi chenye miguu 48 ambacho kila kitu kimo ndani.

Hatua moja ya namna hiyo, kathodi ikiwa na kapasita yake, inakuza kama mara 60. Gitaa linatoa kitu kama milivolti 100, zinatoka volti 6. Vizuri. Sasa chukulia waya wa gridi umeokota milivolti 1 tu ya umeme wa TANESCO kutoka kwa jirani. Inatoka milivolti 60. Hatua ya pili inakuza tena mara 60, na kama hakuna kinachopunguza katikati, una volti 3.6 za mvumo ambazo hukuzichora popote.

Zimetoka wapi? Mara nyingi kwenye hita. Angalia mchoro wowote wa amplifaya ya valvu: hita huwa hazichorwi mahali pake. Zinasogezwa kwenye kona ya karatasi, chini kabisa, kama watoto waliofukuzwa mezani. Kwa mchoraji hazina habari, ni za kupasha moto tu. Kumbe ndizo zinazobeba mkondo geu mkubwa kuliko waya wowote ulio karibu na gridi. Valvu tatu tu ni karibu ampea nzima, ikipanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, sentimita moja kutoka kwenye waya ambao kazi yake ni kusikiliza milivolti.

Mafundi waligundua dawa zamani sana, nayo ni mikono tu. Unazisokota zile nyaya mbili za hita pamoja, kwa kukaza. Mkondo unaokwenda kwenye mmoja unarudi kwenye mwenzake, na uga wa mmoja unafuta wa mwingine. Kadiri zinavyokumbatiana ndivyo kinachobaki kuvuja kinavyopungua. Unazipitisha kwenye kona ya chesisi, chuma kikizikinga pande mbili, unazileta kwenye soketi kwa njia fupi, na hufumui msokoto mpaka milimita za mwisho. Waya wa gridi unaupitisha upande mwingine. Kama ni lazima vikutane, vikutane kwa pembe mraba, visitembee sambamba. Unaweka rezista mbili za omu 100, moja kutoka kila upande wa hita kwenda kwenye chesisi, ili volti igawanyike sawasawa kwa pande mbili. Gharama ya yote hayo ni rezista mbili na dakika kumi.

Anayedhani huo ni ushamba wa miaka ya hamsini akate kipande cha waya wa mtandao, ule wa bluu au wa kijivu unaoning'inia hosteli. Ndani atakuta jozi nne, kila jozi imesokotwa, na kila moja kwa kiwango chake tofauti ili zisisikilizane. Msokoto ule ule. Wenzetu wa uhandisi tiba nao wanaujua: nyaya za kupimia moyo zikiachwa zimetawanyika kitandani, karatasi inajaa mawimbi ya hezi 50 na daktari haoni kitu. Unazikusanya pamoja, mgonjwa anasomeka.

Halafu kuna kile ambacho mimi hunifurahisha zaidi, kwamba mvumo wenyewe unakwambia ulikotoka. Umeme wetu ni hezi 50. Mvumo unaoingia kutoka kwenye hita au transfoma ni wa hezi 50, mzito, chini kabisa ya waya mnene kuliko wote wa gitaa, ambao ni hezi 82. Lakini umeme mkuu ukishapita kwenye diodi za kunyoosha, mabaki yake yanakuwa hezi 100, mara mbili. Sasa shika gitaa, bonyeza waya ule mnene kwenye kibanzi cha tatu: hiyo ni sol, hezi 98. Kama mvumo wako unakaribiana na sauti hiyo, acha kuhangaika na hita, nenda katazame kapasita za umeme mkuu au ulipofunga waya wa ethi. Kama uko chini yake sana, rudi kwenye hita. Umepima masafa bila oskiloskopu. (Ukisoma vitabu vya Marekani watakwambia 60 na 120. Wao wana umeme wao.)

Ethi nayo ina darasa lake. Kwenye mchoro alama ya ethi imewekwa mahali ishirini, na madesa yanasema zote ni pointi moja. Kwenye chuma si pointi moja. Ukirudisha waya wa valvu ya kwanza kwenye njia ile ile inayorudisha mkondo wa kapasita za umeme mkuu, ule mkondo mkubwa unapopita kwenye waya wenye ukinzani mdogo unaacha volti ndogo, na valvu ya kwanza inaihesabu kama sehemu ya wimbo. Dawa ni kuzikusanya ethi za kila hatua peke yake, kisha kuzileta kwenye pointi moja kwa mpangilio. Nimeona mtu aliyemaliza shahada akibishana na hili kwa kutumia sheria ya Kirchhoff. Kirchhoff hana kosa. Aliyechora waya bila ukinzani ndiye mwenye kosa.

Na ile rezista ya kiloomu 68 inayoingia kwenye gridi? Desa linasema mkondo haupiti kwenye gridi, kwa hiyo rezista haifanyi kitu. Lakini anodi na gridi zimekaa karibu, kati yao kuna pikofaradi 1.7 hivi, na kwa sababu anodi inasogea mara 60 upande wa pili, gridi inaiona kama ni pikofaradi 100. Kiloomu 68 na pikofaradi 100 ni chujio linalokata kuanzia hezi 23,000 hivi, juu ya masikio ya binadamu na chini ya kituo chochote cha redio. Ndiyo maana inalehemiwa kwenye mguu wenyewe wa soketi. Ukiiweka mbali, waya uliobaki kati yake na mguu unageuka antena, na ibada inaingiliwa na taarifa ya habari. Kanuni ya Miller tulifundishwa wote na tulijibu swali lake kwenye mtihani. Wangapi wanajua inalehemiwa wapi?

Nitaje sasa kwetu, kwa sababu ndiko ninakoona hatari ya kutojua haya. Natoka kata ya Mpepai, Mbinga. Kwa miaka mingi umeme wa Songea na Mbinga mjini ulikuwa wa majenereta ya dizeli, na vijijini hakukuwa na kitu. Njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako mpaka Songea ilifika mwaka 2018, na kutoka hapo umeme wa gridi ya taifa ukasambaa kwenda Mbinga na vijiji vyake. Kwa hiyo kizazi changu ndicho kimeona gitaa la kopo lenye waya wa breki ya baiskeli likigeuka gitaa la umeme. Kwaya ina amplifaya, baa ina amplifaya, harusi na kipaimara havifanyiki bila spika. Hazina valvu hizo, ni za transista, na ni sawa, nyepesi, hazivunjiki. Sina mpango wa kupeleka valvu Mpepai.

Kinachonitisha ni namna tunavyotibu mvumo. Kinanda kimechomekwa ukuta huu, amplifaya ukuta ule, vyote vina ethi, kati yao kuna waya wa sauti. Ule mzunguko mkubwa wa ethi unaokota hezi 50 na spika inanguruma. Fundi anakuja, anajaribu hiki na kile, mwisho anachukua koleo na kuukata waya wa ethi kwenye plagi ya amplifaya. Kimya! Watu wanapiga makofi. Fundi amelipwa na jina limepanda.

Alichokata ni kinga. Nyaya za gitaa zimeungwa na chesisi ya amplifaya, ndivyo gitaa linavyotengenezwa. Siku insuleta ya transfoma ikichoka, chesisi inabeba volti 230, nyaya za gitaa zinabeba 230, na mpigaji aliyeshika nyaya hizo akisogeza mdomo kwenye maikrofoni yenye ethi nzuri anakuwa yeye ndiye fyuzi. Hii si hadithi ya kutisha watoto. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972: mkono kwenye gitaa, mwingine kwenye maikrofoni ambayo haikuwa na ethi. Na hao walikuwa na mafundi wao wa kulipwa.

Dawa ya ule mvumo ilikuwa kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja, ili mzunguko uwe mdogo. Ikishindikana, unakata kwenye waya wa sauti kwa kutumia transfoma ndogo ya kutenganisha, unaiacha ethi ya umeme mkuu ilivyo. Mtu aliyewahi kukaa siku mbili akitafuta mvumo kwenye valvu moja anajua hilo bila kuambiwa, kwa sababu ameshajua kwamba ethi ni njia, na kwamba mvumo una mahali ulikotoka. Aliyesoma kwenye mstari usio na urefu atafikia koleo kama yule fundi, tofauti ni kwamba yeye ana cheti.

Kuna jambo la aibu kidogo hapa. Kijana wa VETA anayesoma umeme anafunga nyaya nyingi kuliko sisi. Peramiho, ambako Wabenedikti walifika mwaka 1898, ufundi ulifundishwa karakanani, kitu kikiwa mkononi. Na mafundi redio wa kizazi cha babu zetu walijifunza kwa vitu vilivyofunguka. Ng'ambo ya ziwa letu, mwaka 1949, ilianza kuuzwa redio ya valvu ya betri iliyotengenezwa kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, iliyowekwa ndani ya kasha la alumini mfano wa sufuria, ikapakwa bluu. Bei pauni 5, betri inakaa kama saa 300. Ikiharibika unafungua sufuria, na kila kilichomo unakiona kwa macho. Haya mafundi waliyajua kabla hawajajua Kiingereza cha kuyaeleza, nasi tuna Kiingereza chote.

Naomba nisipite haraka kwenye hoja moja ya upande wa pili, maana ina uzito: valvu inaua. Ni kweli. Volti 300 za mkondo mnyoofu hazisamehe. Kapasita ya maikrofaradi 47 iliyojaa volti 400 ina karibu jouli 4 ndani yake, na inaweza kukaa nazo baada ya plagi kuchomolewa na wewe ukaenda kunywa chai. Kama idara ingekataa mradi kwa sababu hiyo, ningenyamaza na kusoma tena. Lakini haikutaja hatari, ilitaja kufa kwa teknolojia. Na hatari hiyo ina utaratibu unaojulikana. Unaweka rezista ya kiloomu 220 sambamba na ile kapasita. Ndani ya dakika moja imeshuka chini ya volti 5. Huiamini, kwa sababu rezista nayo hukatika, kwa hiyo unapima kabla ya kugusa, kila mara. Unapopima kikiwa kinawaka, mkono mmoja unakaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Hufanyi kazi peke yako, hufanyi usiku baada ya kudisko usingizi siku tatu. Mhandisi atakayekwenda kusimamia inveta za sola za volti mia kadhaa, au hilo bomba la eksirei, atakutana na hatari hizi hizi. Bora akutane nazo mara ya kwanza akiwa na mtu pembeni.

Isitoshe, nusu ya ule mradi haihitaji volti 300 kabisa. Waliandika, na sijui kama ilisomwa, kwamba sehemu ya kwanza ingetumia volti 6.3 peke yake: hita zinawaka, anodi haina kitu. Unaweka waya wa gridi mahali pake, unauunganisha na oskiloskopu, unapima unachookota nyaya za hita zikiwa hazijasokotwa. Kisha unazisokota, unapima tena. Kisha unazisogeza kwenye kona. Kisha unaongeza zile rezista mbili za omu 100. Hapo una jedwali, na hakuna aliyeguswa na chochote kinachozidi betri nne za tochi. Sehemu ya pili tu, ya umeme mkuu, ndiyo ingefanywa chini ya usimamizi wa fundi sanifu wa maabara. Kuna hata valvu zilizotengenezwa kwa redio za magari ambazo anodi yake inaridhika na volti 12, kama ECC86, ingawa kuzipata si rahisi.

Bei nayo imesemwa. Valvu moja mpya ni bumu la siku kadhaa, na lazima iagizwe nje. Soketi moja, valvu mbili, rezista za kawaida, transfoma. Miradi ya kumwagilia bustani inanunua bodi na sensa ambazo mwisho wa mwaka zinakufa na maji, na sijasikia mtu akilalamika. Valvu ile ikiwekwa vizuri maabara itafundisha miaka mingi, maana hizi chupa hazichoki haraka kwenye kazi ndogo kama hii.

Nasikia pia kwamba mwajiri hatauliza valvu kwenye usaili. Hatauliza. Atakuuliza kwa nini sensa ya kiwandani kwake inasoma namba za ajabu kila mota ikiwashwa, na utakuwa na bahati kama umewahi kusokota waya.

Wale wenzetu wanalirudisha pendekezo kwa kamati, safari hii likiwa na kurasa mbili za usalama na lile jedwali tupu la vipimo limewekwa mbele badala ya nyuma. Kichwa wamekibadilisha: neno gitaa limetoka, limeingia "uokotaji wa kelele kwenye saketi za ukinzani mkubwa". Mimi ningeliacha gitaa, lakini wao ndio wanaotaka kuhitimu. Kinachokosekana mpaka sasa ni transfoma yenye volti 6.3. Kama kuna mwenye redio ya zamani ya valvu nyumbani kwao, imekaa kabatini haifanyi kazi, transfoma yake inaweza kuwa nzima. Awaone maabara ya elektroniki siku za Jumatano mchana. Aje nayo ilivyo, asiichomeke kwanza kujaribu, na asiifungue.